Naenda Kliniki Mara Tatu kwa Wiki na Kliniki Hawanijui

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya msaada pokea shikamoo yangu kama umenizidi umri, ingawa nina shaka, maana mimi nimekula chumvi miaka sabini na miwili na wengi walionizidi siku hizi hawaandiki magazetini. Maji yamenifika shingoni na Jumapili hii yatanifunika kabisa, kwa hiyo nitasema yote bila kuficha, na ukitaka kucheka cheka, mradi unijibu.

Mimi ni seremala mstaafu, nimefiwa na mke miaka sita iliyopita, naishi peke yangu katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, milango yote nimeichonga kwa mikono hii. Nina watoto wawili. Kifungua mimba ni wa kiume, tunamwita Mwenyekiti tangu akiwa darasa la tatu, kwa sababu hawezi kuona watu watatu wamekaa pamoja bila kuwafungulia kikao. Kitindamimba ni wa kike, ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole, machozi yake hayako mbali. Wote wananipenda sana, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Mwaka jana nilipanda ngazi kubadilisha balbu ya sebuleni, nikashuka kwa njia ambayo sikuipanga, nyonga ikaumia, nikalala kitandani wiki mbili, basi Mwenyekiti akaitisha kikao nami nikiwa chali siwezi hata kupinga hoja, wakapitisha kwamba baba asipande, asiiname, asiwashe jiko, asivuke barabara, na sanduku langu la zana, lenye randa niliyoitumia miaka arobaini, likabebwa likafungiwa stoo kwa Mwenyekiti, halafu kitindamimba akaninunulia sofa lenye mkono pembeni, ukiuvuta miguu inanyanyuka yenyewe, na mkamwana, mke wa Mwenyekiti, akaanza kuniletea kila mchana supu isiyo na chumvi hata chembe. Mshauri, nimekaa kwenye sofa lile mpaka likapata umbo langu. Nimetazama vipindi vya wanyama wanaolana mpaka nikaanza kuwaonea wivu wanaoliwa, angalau wao siku yao ina shughuli.

Nyonga ilipopoa nikaenda kliniki, kliniki ya kweli, daktari akanipima, akaniandikia vidonge vya presha, akaniambia, "Mzee, tembea, usikae sana, urudi baada ya mwezi." Nikatoka. Njiani nikasikia msumeno unalia vibaya, unatafuna mbao badala ya kuikata, na mimi sauti hiyo siiwezi, nikaingia ndani kumgombeza mwenye nao. Kumbe ni karakana ya majeneza. Mwenyewe ni mtu mzima wa miaka hamsini, ana kipara na roho nzuri, ila useremala alijifunza kwa kuchungulia dirishani. Nikamnolea msumeno. Nikamwonyesha namna ya kuunga pembe. Nikaona kifuniko kimoja kimepinda, nikamwambia marehemu atakuwa anachungulia, nikakinyoosha. Niliposhtuka saa tisa imeshafika, njaa inaniuma, mkono una malengelenge, nami nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu mama watoto alipoondoka.

Nyumbani nikamkuta mkamwana mlangoni na supu imepoa. "Baba, mbona umechelewa hivi?" Nikasema, "Foleni kliniki." Haya, hapo ndipo uongo ulipozaliwa, na mtoto huyo amekua haraka kuliko wajukuu zangu wote, kwa sababu nilisema daktari ameniambia nirudi Jumatano, na Jumatano nikasema nirudi Ijumaa, na sasa ni mwezi wa saba naenda "kliniki" Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Natoka nyumbani na mkongojo natetemeka, nikifika kona naubana kwapani naongeza mwendo. Waliponiuliza vumbi la mbao kichwani nikasema kliniki wanajenga wodi. Harufu ya vanishi nikasema ni dawa ya kuchua. Patasi iliponikata kidole nikasema wamenitoa damu. Walitaka kunisindikiza, nikasema daktari hapendi msongamano. Na afya yangu ikawa nzuri ajabu, nalala usingizi mzito, nakula sahani mbili, lakini Mwenyekiti alisoma mahali kwamba mgonjwa akikaribia kuondoka huchangamka ghafla, kwa hiyo sasa kila nikiomba kuongezewa chakula wananitazama kwa huzuni na kitindamimba anakwenda chooni kulia.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nyuma karakanani napiga msasa, nikasikia sauti mbele inasema, "Tungependa kuweka oda mapema ili tusihangaike siku yenyewe." Nikajua hiyo ni sauti ya kikao. Nikachungulia: Mwenyekiti na kitindamimba. Nikachuchumaa nyuma ya rundo la mbao, mimi ambaye nyumbani siinuki kwenye sofa bila kushikwa mkono, nikachuchumaa dakika ishirini nzima. Bosi, yule mwenye kipara, akauliza marehemu alifariki lini. Mwenyekiti akasema, "Bado, lakini anakwenda kliniki mara tatu kwa wiki." Bosi akasikitika kwa sauti, hata mimi nilijisikitikia. Akauliza urefu. Mwenyekiti akasema futi tano na inchi nne. Tano na inchi nne! Mimi ni futi tano na inchi saba, nimejipima mwenyewe kwenye fremu ya mlango wangu, inchi tatu nzima wamenipokonya na sijafa! Nusura nisimame nimsahihishe. Kitindamimba yeye akauliza kama kunaweza kuwekwa mto laini, kwa sababu baba shingo humsumbua akilala vibaya. Nikacheka kimoyomoyo, mtoto huyu naye, shingo ya maiti inasumbuliwa na nini?

Walipoondoka bosi akaja nyuma na kipande cha mbao alichoandikia vipimo kwa penseli, akaniambia, "Mwalimu, kuna mzee mmoja mahututi, watoto wake wanampenda sana, hii kazi naomba uifanye wewe."

Nimeifanya. Niseme nini? Nimeifanya kwa futi tano na inchi saba, maana heshima ina mipaka yake, na bosi anauliza mbona nimebadilisha vipimo vya mteja, nikamwambia watu wa familia hukosea wakiwa na majonzi. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, viungo vyake huwezi kupitisha ukucha. Na kwa kuwa nimeahidi kusema yote, nimelilalia kulijaribu, mara moja, baada ya chakula cha mchana, usingizi ukanipitia, bosi alipoinua kifuniko akapiga ukelele mpaka wateja wawili wakatoka mbio.

Sasa Jumapili kuna kikao. Mwenyekiti amenitangazia kwamba wameniandalia chumba kwake, karibu na jiko ili nisikike nikiita, na nyumba yangu itapangishwa, wapangaji wameshakuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, na kuna karatasi nitatia saini ili yeye asimamie kila kitu "baba apumzike." Nikihamia huko kwisha habari yangu, mkamwana ataniona nikitoka na nikirudi, karakana basi, na milango yangu atakuwa anaifunga mtu mwingine kwa kishindo. Nikisema ukweli, watasema baba amechanganyikiwa, miezi saba anadanganya na analala kwenye majeneza, afungiwe kwenye sofa. Nikinyamaza, Jumatatu nahamishwa.

Nifanye nini, mshauri? Au nife kwanza ndipo waamini kwamba nilikuwa mzima?

Ni mimi,
Fundi wa Vifuniko

*

Fundi wa Vifuniko,

Shikamoo, mzee wangu. Umenizidi miaka michache, kwa hiyo nitakukaripia kwa adabu, na adabu ikiisha katikati ya barua utanisamehe, maana nafasi niliyopewa kwenye ukurasa huu si kubwa na makosa yako ni mengi. Barua yako imefika Jumanne. Gazeti linatoka Alhamisi. Hatuna muda wa kubembelezana.

Kwanza nikupe haki yako. Watoto wako wamekosea, na wamekosea vibaya. Aliyekuangusha ni ngazi, waliofungwa ni randa na msumeno. Mtu aliyefanya kazi kwa mikono miaka arobaini humpi sofa la kunyanyua miguu ukadhani umemtunza. Umemweka pembeni tu, ila pembeni pana mito. Daktari alisema tembea, wao wakasikia lala. Mzee anayeamka akijua kuna mahali anasubiriwa, hata kama mahali penyewe ni karakana ya majeneza, huyo ana dawa ambayo haiuzwi dirishani. Kwa hiyo usiniombe nikuambie uache kazi. Sikuambii.

Haya, sasa kaa vizuri.

Mzee mzima, kliniki ya uongo umekwenda mara tatu kwa wiki kwa miezi saba. Ya kweli ulikwenda lini? Nimesoma barua yako mara nne nikiitafuta ile "urudi baada ya mwezi," sijaiona. Vidonge vya presha ulivyoandikiwa viliisha lini? Au navyo umewaachia wanaojenga wodi? Wewe ndiye mgonjwa wa kwanza ninayemjua aliyekosa matibabu kwa sababu ya kwenda hospitali kila siku. Kisha unaniambia unalala usingizi mzito na unakula sahani mbili, ndiyo ushahidi wako wa uzima. Presha haisomwi kwenye sahani! Na hilo vumbi la mbao ulilokuwa unalileta nyumbani kichwani, nina hakika mapafuni limeingia pia, maana sijasoma popote kwamba ulifunga pua kwa barakoa. Unachonga makazi ya watu kwa ustadi, mapafu yako mwenyewe unayapiga msasa.

Umeudhika na inchi tatu. Baba, walikupima ulivyojionyesha! Miezi saba wanakuona umejikunja kwenye sofa, au unatoka mlangoni unatetemeka juu ya mkongojo wa maigizo. Urefu wako wote uliuacha karakanani, wao wangeujulia wapi? Wahenga walituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Wala haikuwapitia akilini kwamba atatokea mtu wa kuficha uzima, na huyo naye kifo kikaja kumuumbua, tena kikiwa kimeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha mbao.

Kuhusu Mwenyekiti, simwoni mwizi. Namwona mtu mwenye hofu, na hofu yake ameivalisha tai na kuipa ajenda. Lakini hofu pia huchukua nyumba za watu, kwa hiyo Jumapili usitie saini chochote. Chochote! Karatasi inayoletwa mezani pamoja na supu haitiwi saini. Mwambie utaisoma, utaipeleka kwa wakili utakayemchagua wewe, si rafiki yake wa kikao. Hati ya nyumba iwe mahali unapopajua wewe. Na ukiwa kwa wakili, andika na wasia na hati ya uwakilishi, sasa hivi ukiwa na akili timamu na ulimi mkali, useme nani asimamie nini siku ambayo kweli hutaweza. Siku hiyo inaweza kuja, mzee wangu, hata kwa fundi. Ukiipanga mwenyewe, hakuna atakayekupangia akiwa amepaniki. Nao wapangaji warudishiwe vipimo vya mapazia yao kwa adabu, hawana kosa.

Sasa hatua. Kesho Ijumaa ni siku yako ya kliniki. Nenda kliniki. Ile yenye madaktari. Mweleze daktari kila kitu, na vumbi, na ile nyonga, na kuchuchumaa dakika ishirini, umuulize kazi gani unaiweza na ipi uiache, akuandikie. Kama atasema usibebe mbao nzito, hutabeba, utamwachia huyo bosi mwenye kipara, mikono anayo. Ngazi umeachana nayo maisha, hapo Mwenyekiti ana haki na utamwambia hivyo mbele ya watu, balbu ikiungua ataibadilisha mwingine. Mkongojo utumie pale unapouhitaji, kwenye ngazi za nyumba na barabarani pakiwa na utelezi, si kwa kuwafurahisha watazamaji. Bafuni kwako weka mti wa kushikia, na sihitaji kukutafutia fundi. Chumvi utamuuliza daktari. Nikikujibu mimi nitakupendelea.

Jumamosi asubuhi waite watoto wote wawili na mkamwana karakanani. Usiwaeleze kwenye simu. Wakiingia wakukute umesimama, aproni kifuani, miwani ya kazi machoni, barakoa shingoni, unafanya kazi. Wakuone kwanza. Maneno baadaye. Bosi naye umwambie kabla ya siku hiyo, maskini, asije akapiga ukelele wa pili. Kisha wape karatasi ya daktari waisome wenyewe. Mwenyekiti atataka kufungua kikao hapohapo, mruhusu, akae juu ya rundo la mbao afungue. Watakasirika, na wana haki ya kukasirika. Usijitetee kwa utani, najua utautaka, barua yako yote umejificha ndani yake kama ulivyojificha nyuma ya mbao. Usishike kifua. Usitafute kiti. Sema, "Niliwadanganya kwa sababu niliogopa mtanikataza kuishi," ukomee hapo. Kisha udai sanduku lako la zana. Hilo jeneza mwachie bosi, atapata mwenye haja nalo, ila libaki futi tano na inchi saba, nawe hakuna aliyekuruhusu kulilalia tena, hata baada ya chakula.

Nimeacha jambo moja mwisho kwa sababu wewe ulilipitia mbio na ukacheka.

Ule mto. Umeniuliza shingo ya maiti inasumbuliwa na nini. Haisumbuliwi na kitu, mzee. Anayesumbuka ni yule aliyeuomba. Kuna mwanamke anasimama mbele ya darasa kila asubuhi, anafundisha watoto wa watu kusoma, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anatazama saa akiwaza sasa hivi baba anachomwa sindano. Wewe wakati huo unapiga vanishi huku ukiimba, nina hakika unaimba. Umepata miezi saba mizuri, na yeye ndiye aliyeilipia. Amekuzika kidogo kidogo, peke yake, chooni kwako, ili usimsikie, na wewe ulimsikia. Hilo ndilo kosa lako kubwa, na daktari hana karatasi yake.

Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi zina nafasi zake, lakini yeye hasubiri Jumamosi. Nilisema usieleze kitu kwenye simu, huyu namtoa kwenye hesabu hiyo. Weka gazeti chini, chukua simu, mpigie kitindamimba wako sasa hivi, hata kama yuko darasani, atatoka. Usianze na karakana, usianze na msumeno, usimfanye acheke kwanza. Mwambie, "Mwanangu, siumwi." Kisha funga mdomo, umwache alie mpaka amalize, na usikate simu wewe.